Mzee wa Samansi na Shahidi wa Masagati

Suruali za Mzee wa Samansi zilikuwa zikifa kuanzia nyuma. Magotini nzima, mifukoni nzima, pindo la chini utadhani limetoka dukani juzi, lakini pale anapokalia baiskeli hapakuwa na kitambaa tena, ni kiraka juu ya kiraka. Najua kwa sababu viraka vyote nilivitia mimi. Nilikuwa na cherehani yangu kwenye kibaraza cha duka moja Mlabani, na kila mwisho wa mwezi alinijia na suruali ile ile ya kaki aliyopewa kazini, ameifunga ndani ya gazeti ili watu wasiione. Watu wenyewe ni Ifakara nzima, iliyokuwa ikiiona kila siku ikipita mbele yao.

Kazi yake ilikuwa kupeleka samansi za mahakama ya mwanzo, yaani zile karatasi za kumwita mtu shaurini. Jina alikuwa nalo, tena zuri la ubatizo, ila hakuna aliyelitumia. Mke wake mwenyewe alimwita Samansi, na siku akiwa amekasirika alimwita Karatasi. Ukimsikia mama yule akiita "Karatasi!" kutoka uani, ujue jioni hiyo mzee atakaa kwenye kibaraza changu mpaka nifunge mashine.

Baiskeli yake haikuwa na kengele. Iliibwa mwaka mmoja sokoni, na yeye akaona ni aibu kwa mtumishi wa mahakama kununua kengele nyingine, maana huenda akauziwa ile ile yake ya wizi, akawa mshirika wa jinai. Kwa hiyo alipiga kengele kwa mdomo. Ungesikia "ngiring, ngiring" nyuma yako barabara ya Kibaoni, ukageuka, ukamkuta mtu mzima mwenye mvi, uso mkavu kabisa, anakuomba njia. Wageni walicheka. Sisi wenyeji tulipisha.

Namna yake ya kupeleka samansi ilikuwa ya peke yake. Hakumrushia mtu karatasi na kuondoka. Alifika, akaegesha baiskeli, akasalimia wakubwa, akaitikia shikamoo za wadogo, akauliza habari za mpunga, za mbuzi, za mgonjwa kama yupo, akaletewa maji akanywa. Halafu ghafla alisimama, akavua kofia, sauti ikabadilika, akasoma samansi yote kutoka juu mpaka chini, pamoja na yale maneno madogo ya mpiga chapa ambayo hayamhusu mtu yeyote duniani. Akimaliza anavaa kofia na kurudi kuwa mgeni tena. Mama mmoja wa Kibaoni aliniambia kwamba yeye alidhani mzee amekuja kuposa.

Na hakumpa mtu mwingine samansi isiyo yake. Hakumpa mke, hakumpa kaka, hakumpa jirani. Kulikuwa na bwana aliyepanda juu ya mfenesi alipomwona anakuja. Mzee hakumwita wala hakutishia. Alikaa chini akaongea na mama mwenye nyumba, akala mchana pale, wali na perege, huku akisifia kwa sauti jinsi samaki alivyoungwa. Saa tisa bwana akashuka mwenyewe kwa njaa, akaweka sahihi, akauliza kama kimebaki chochote. Kilikuwa kimebaki kichwa tu.

Alijivuna, sitamficha. Akikaa kwenye kibaraza changu alipenda kusema kwamba katika bonde hili lote la Kilombero hakuna mto uliowahi kumzuia, hakuna tope, hakuna tembo. Nilikuwa namwambia, "Mzee, tembo naye ulimsomea?" Ananiangalia kwa huruma, ananisogezea suruali ili nipime kiraka.

Sheria aliijua vipande vipande. Hakusomea. Aliisikia akiwa mlangoni mwa chumba cha mahakama, ambako alikaa kwenye benchi miaka ishirini na miwili akisubiri karatasi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusema neno ndani ya chumba kile zaidi ya "Ndiyo, mheshimiwa." Nje alikuwa msemaji hodari. Kuliko kusimama mbele ya hakimu akaongea, bora umpeleke kung'oa jino. Aliniambia siku moja kwamba akiingia mle ndani ulimi unamvimba. Nikamwambia ni woga tu. Akasema ndiyo, ni woga, lakini na ulimi nao unavimba.

Kipande cha sheria alichokipenda kuliko vyote kilihusu mashahidi. Alikihesabu kwa vidole vitatu. Shahidi aliyeitwa kwa samansi hakamatwi kwa mambo ya madai akiwa anakwenda mahakamani, hakamatwi akiwa pale anasubiri, na hakamatwi akirudi kwake. "Ukimkata mtu panga njiani, hiyo ni jinai, utakamatwa hata ukiwa na samansi kumi," alifafanua, utadhani mimi ndiye mwenye panga. "Ila haya mambo ya mtu na mtu, nilikukopesha, umenivunjia uzio, hayo yasubiri. Mahakama haina macho, mwanangu. Inatumia macho ya watu. Ukimkamata mwenye macho njiani, unataka mahakama ione na nini?"

Nilikuwa naitikia "Kweli, mzee" huku natia uzi kwenye sindano. Sikujua kwamba vidole vile vitatu vitakuja kunihusu mimi na tumbo langu.

Baba yangu aliniachia shamba la mpunga ng'ambo ya mji, kama ekari moja na nusu hivi. Cherehani ilininunulia chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Shamba ndilo lililotulisha, mimi, mama yangu na wanangu wawili, mwaka mzima. Jirani yangu wa shamba alikuwa bwana mmoja mpole mno, mwenye kusali, mwenye kuuliza hali ya mama kila tukikutana, na kila msimu tuta la mpaka lilisogea hatua moja kuja kwangu. Mwaka wa kwanza nilidhani nimesahau. Mwaka wa tatu nilipima kwa futi ya cherehani. Mwaka wa tano nusu ya shamba ilikuwa kwake, na bado alikuwa ananiuliza hali ya mama.

Nikaenda mahakamani. Jirani akaapa kwamba tuta liko pale tangu enzi. Mtu mmoja tu aliyebaki hai aliujua mpaka wa kweli, rafiki wa baba yangu, aliyeuweka pamoja naye. Huyo mzee alikuwa amehamia Masagati, huko mbele ya Mlimba, mahali ambapo ukisema unakwenda watu wanakuuliza umekosana na nani. Shauri liliahirishwa mara tatu kwa sababu yake. Mara ya tatu hakimu alifunga jalada akasema tarehe inayofuata ni ya mwisho, shahidi aje asije, yeye ataamua kwa yaliyopo mezani. Na yaliyokuwa mezani ni tuta la jirani.

Mzee wa Samansi alichukua ile samansi wakati wa masika, akapakia baiskeli kwenye treni, akapotea siku tisa. Aliporudi alikuwa amekonda, na suruali ilikuwa na hali ambayo sitaieleza. Nikamuuliza kwa pupa, "Mzee, imefika?" Akasema, "Nimekwenda na nimerudi," akanipa suruali. Nilimshonea bure siku hiyo, tena kwa uzi mara mbili.

Siku ya shauri nilikuwa mahakamani tangu saa moja na nusu, nimevaa gauni nililojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Treni ya kutoka Mlimba ilichelewa kama kawaida yake. Mzee alikuwa amekwenda stesheni kumpokea shahidi wangu. Saa nne nikasikia kwa mbali, "Ngiring, ngiring, ngiring!" Nikajua kuna jambo, maana hakuwa na kawaida ya kupiga mara tatu.

Alishuka akiwa anahema, mkoba wake wa ngozi ameushika nyuma kwa mikono miwili, kwenye makalio. "Mwanangu," akasema, "wamemkamata."

Kumbe jirani yangu mpole alikuwa amechimba mambo ya shahidi wangu mpaka akafika chini kabisa, akakuta kesi ya zamani ya mbuzi. Miaka mingi nyuma mahakama nyingine ilimwamuru yule mzee amrudishie mkwewe mbuzi mmoja, yeye akahamia Masagati na mbuzi akiwa tumboni. Hati ya kumkamata ilitolewa, ikalala. Jirani akamtafuta mkwe, mkwe akamtafuta dalali wa mahakama, ambaye ndiye mtu wa kutekeleza hukumu kama hizo, na dalali akaenda kusimama stesheni na mgambo wawili. Shahidi wangu hakuwa amemaliza hata kushusha kifurushi chake. Walimfungia kwenye stoo ya ofisi moja karibu na pale.

"Wamekosea," alisema Mzee wa Samansi. "Hati yao ni halali, wakati ndio si wake. Yuko kwenye kwenda. Wewe ukiitwa simama, mwambie hakimu kwa adabu: mheshimiwa, shahidi wangu amekamatwa akiwa njiani kuja kwako, naomba amri yako aachiwe mara moja. Maneno hayo tu."

Nikayakariri. Tukaitwa. Hakimu alikaa na wazee wa baraza wawili, mmoja kila upande, na mmoja wao alikuwa tayari anasinzia. Akaniuliza, "Shahidi wako yuko wapi?" Mimi nikamwona jirani yangu amekaa pale, mikono kwenye magoti, ananitazama kwa upole. Maneno yote ya adabu yakaniruka. Nikasema, "Muulize huyu mwizi!" Nikaendelea na mengine. Nilitaja tuta, nikataja mbuzi, nikataja na mama yake jirani, ambaye masikini hakuwa amefanya lolote. Mzee wa baraza aliyekuwa anasinzia akaamka akiwa na furaha kubwa.

Hakimu akagonga meza. "Kaa chini, mama. Neno moja zaidi nakutoa nje. Mahakama ilisema leo ni mwisho."

Nilikaa. Nilijua nimelimaliza shamba langu kwa mdomo wangu mwenyewe, na nilianza kulia, kilio cha hasira, kile kisicho na sauti.

Ndipo benchi la mlangoni likalia. Mzee wa Samansi alikuwa amesimama. Mkoba bado ameushika nyuma. Akafungua mdomo, ukajifunga wenyewe. Akafungua tena.

"Mheshimiwa hakimu," akasema, kwa sauti niliyokuwa siijui, nyembamba kama ya kijana anayebalehe. "Shahidi hakamatwi akienda."

Chumba kizima kiligeuka. Hakimu akavua miwani. "Wewe unaongea?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Hakamatwi akienda, akikaa, wala akirudi. Kwa madai. Na kama amekamatwa, mahakama iliyomwita ndiyo inayomfungua. Mbuzi atasubiri."

"Sheria hiyo umeisomea wapi?"

"Sijaisomea, mheshimiwa. Nimeisikia hapo mlangoni. Uliisema wewe mwenyewe, mwaka ule mvua zilipong'oa bati la ofisi."

Hakimu alifikiri, na nadhani alikumbuka, maana alitazama juu kwenye bati. Jirani yangu akainua mkono kwa heshima akasema kinga hiyo ni ya shahidi aliyepelekewa samansi kweli, na yeye ana mashaka kama kuna mtu anaweza kufika Masagati katika masika yale. Nilisahau kusema kwamba alikuwa na akili.

Hakimu akageukia jalada. Kila samansi ina nakala inayorudi mahakamani, na aliyepokea anaweka sahihi au dole gumba. Akaitafuta, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Hapa kuna dole gumba. Ulimkabidhi mwenyewe?"

"Mkononi, mheshimiwa. Mlangoni pake."

"Unaapa?"

Akaurekebisha mkoba kule nyuma, akaurekebisha tena. Nilidhani ulimi umevimba. Akaapa.

Hakimu akaandika amri palepale kwamba shahidi aachiwe mara moja, na ile hati ya mbuzi isimguse mpaka awe amefika kwake. Akampa mzee akasema awahi, mahakama inangoja hadi saa saba. Mzee akaipokea, akainama, akaanza kutoka kinyumenyume. Hatua kwa hatua, uso kwa hakimu, mkoba nyuma, akigonga benchi la kwanza, akigonga la pili, akiomba radhi kwa kila aliyemkanyaga. Watu walisema baadaye kwamba hawajawahi kuona heshima kama ile mbele ya mahakama. Mimi fundi wake ndiye niliyejua. Suruali ilikuwa imepasuka mgongo mzima wakati anakimbiza baiskeli kutoka stesheni, na mle ndani aliwaonyesha waheshimiwa upande wa mbele tu.

Alinipakia nyuma kwenye keria. Nilimfunga kitenge changu cha juu kiunoni, na ndivyo tulivyopita Ifakara mchana kweupe, mzee wa mahakama amevaa kitenge cha maua, mimi nikipiga ngiring kwa niaba yake kwa sababu yeye pumzi zilikuwa zimemwishia.

Dalali alikuwa mtu wa mwili, amekaa mlangoni mwa stoo. Mzee akavua kofia, akamsomea amri yote. Dalali akasema, "Mzee wangu, hiyo ni karatasi, na mimi hapa nina karatasi."

"Yako itakuwa na siku yake. Yangu ni ya saa hii. Ukimshikilia kuanzia sasa, utakuwa unashikana na hakimu."

Dalali akaufikiria mshahara wake, akafungua mlango. Shahidi wangu alikuwa amekaa juu ya magunia ya mbegu, mzee mdogo mwembamba, anakula ugali na kambale wa dalali mwenyewe. Nikamwambia, "Shikamoo baba, tumekuja kukutoa, twende haraka, mahakama inangoja!"

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Ngoja nimalize."

Akamaliza. Hakuacha hata mwiba. Mzee wa Samansi alimwinamia wakanong'onezana kidogo, nikadhani ni salamu. Tukarudi watu watatu kwenye baiskeli moja, shahidi kwenye bomba la mbele akishangaa mji ulivyokua, na saa saba kasoro dakika chache akawa mbele ya hakimu.

Ushahidi wake ulikuwa mfupi. Alisema yeye na baba yangu hawakuamini matuta, kwa sababu tuta lina miguu. Walichimba kila pembe ya shamba, wakafukia mkaa na vipande vya chungu, kwa maana mkaa hauozi na hakuna mpumbavu wa kuhamisha asichokiona. "Chimbeni," akasema. "Hatua nne kutoka kwenye kichuguu. Mkikosa, nirudisheni stoo, pale chakula ni kizuri." Wazee wa baraza wakaenda shambani na jembe. Mkaa ulikuwepo, mweusi, ndani kabisa ya mpunga wa jirani yangu. Nilirudishiwa ardhi yangu yote. Nililia tena, safari hii kwa sauti.

Kilichofuata mji ulikizungumza mwezi mzima. Dalali alimngoja shahidi nje ya mahakama na hati yake, na Mzee wa Samansi akanyoosha kidole cha tatu. "Na akirudi!" Dalali akauliza kurudi ni mpaka wapi. "Mpaka kwake Masagati. Mfuate ukamkamate huko, ni haki yako." Dalali akatazama upande wa Mlimba, akatazama tumbo lake. Shahidi naye hakuwa na haraka ya kurudi. Alinunua chumvi, akang'olewa jino, akahudhuria harusi Kibaoni ambako hakumjua bwana wala bibi. Kila dalali akimkuta, jibu lilikuwa moja, kwamba yuko njiani anarudi.

Halafu Mzee wa Samansi akamweleza shahidi kwamba aliyekamatwa isivyo halali anaweza kumdai fidia aliyemkamata. Shahidi akaulizwa anataka fidia gani kwa zile saa tatu za stoo. Akasema mbuzi. Dalali, kwa kuogopa kuitwa mahakamani na samansi ambayo atasomewa mbele ya wake zake wawili, akatoa mbuzi. Yule mbuzi akapelekwa kwa mkwe, kesi ya zamani ikafa. Dalali alikuwa amelilipa mwenyewe deni alilotumwa kulidai.

Baada ya hapo wanaume wa Ifakara walimsumbua mzee, kila mmoja anataka samansi. Mmoja alikuja kwenye kibaraza changu kuomba aitwe ushahidi katika kesi yoyote, hata ya kuku, kwa sababu wakwe zake wanafika Jumamosi kudai jambo lao. Mzee alimfukuza kwa kofia.

Alistaafu. Akaacha kuniletea suruali, nikamkumbuka kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nikisikia baiskeli inapita nyuma yangu najikuta nangoja ile kengele ya mdomo.

Mara ya mwisho tulipoongea kwa marefu ilikuwa shambani kwangu, miaka kadhaa baadaye. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke na ndege walikuwa wananimaliza, nilikuwa nakaa pale tangu alfajiri nikipiga debe. Nikamwona anakuja kwa miguu juu ya tuta, anasukuma baiskeli, amezeeka shingo. Hakuwahi kufika shambani hapo. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Ndilo hili tu?"

"Ndilo hili, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nilidhani ni kubwa."

Akakaa chini. Aliuliza habari za mama, za wanangu, za mpunga, akanywa maji. Kisha akasimama, akavua kofia, na mimi nikajua kuna kinachosomwa.

Akanyoosha mkono, akanionyesha dole gumba. "Lile dole kwenye nakala," akasema, "lilikuwa hili."

Hakuwahi kufika Masagati. Alifika Mlimba, akaenda mbele kidogo, akakuta mto umefura na magogo ya kuvukia yamechukuliwa. Hakujua kuogelea. Alikaa ukingoni siku nne akitazama maji. Siku ya tano akapita mama muuza samaki wakavu, anayejua njia ya juu, akampa maneno ampelekee yule mzee kwa mdomo tu. Samansi ilibaki kwenye mkoba. Akaona aibu kurudi na nakala tupu baada ya yote aliyoyatamba kwenye kibaraza changu, akachovya wino. Halafu akaapa.

"Nimeungama kwa padre," alisema. "Amenisamehe, lakini malipizi yake ni nikuambie wewe. Na jirani yako bado yu hai. Nikikanyaga mahakamani nikayasema haya, sijui shauri lako litakuwaje. Shamba ni lako, kwa hiyo sema wewe. Niende nisiende?"

Niliogopa, sitasema uongo. Niliutazama mpunga wangu wote, mpaka kwenye ile pembe, nikawaona wanangu wakila kwa jirani. Nikakumbuka mkaa. Mkaa haukuwa na dole la mtu. Ulikuwa pale alipouweka baba, na mzee huyu asingeapa, ungelala chini ya mpunga wa mwingine mpaka leo. Hasira sikuipata hata nilipoitafuta. Nilimpenda sana wakati ule, amesimama na kofia mkononi, dole juu.

"Usiende," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyefaidika, basi mimi ndiye hakimu. Umetiwa hatiani. Kifungo siku tatu, kazi ngumu, kufukuza ndege. Hapa hapa."

Alinitazama aone kama namtania. "Na chakula?"

"Kipo."

Akakunja suruali, akashika debe, akaingia kwenye mpunga. Sikuwahi kumwona mtu asiyefaa kazi ile kama yeye. Aliwasogelea ndege taratibu, akasimama, akawaambia waondoke kwa ustaarabu, na ndege walimsikiliza huku wakila. Lakini kila alfajiri alikuwa pale kabla yangu, anaripoti, "Mfungwa nimefika," na jioni haondoki mpaka nimruhusu.

Siku ya tatu jua likizama nikamwambia kifungo kimekwisha, aende nyumbani kwa mkewe. Alikaa juu ya tuta, akafuta miguu yake tope, akasema anakata rufaa. Nikaudhika. Nikamwambia siku tatu ni chache mno kwa kosa kama lile, anataka nini tena?

"Ndiyo maana nakata rufaa," akasema. "Naomba niongezewe."

Nikamwongezea mpaka mavuno.